Katika Sahani au Katika Mwili? Kiswahili, Seli Shina na Mchochota wa Ubongo

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kumwona mwanafunzi wa fasihi akiacha ngano na tenzi zake na kujitosa katika mambo ya maabara. Udhuru wangu ni mmoja. Katika siku za karibuni nimekuwa nikilisikia neno "seli shina" huku kwetu Migori na Homa Bay, si vinywani mwa wahudumu wa afya tu bali pia vinywani mwa wachuuzi, na kila ninapolisikia limefungamana na ahadi kwamba seli hizo hutuliza ubongo ulioathiriwa na ugonjwa. Ahadi yenyewe haikuzuliwa tu hewani. Ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni wa sahani ya maabara ilhali ahadi inatolewa kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa. Ninadai katika makala haya kwamba umbali uliopo kati ya sahani na mtoto ni suala la lugha kama ulivyo suala la sayansi, na kwamba sisi tunaosoma Kiswahili vyuoni tumelikwepa kwa muda mrefu.

Tuanze na mahali. Mgeni ajuaye Kiswahili akifika Homa Bay hudhani mji umeitwa kwa jina la maradhi. Sivyo. Jina ni la mlima Homa ulio kando ya ziwa, wala halitokani na homa yetu ya kamusini. Hata hivyo sadfa hiyo ina uchungu wake, kwa kuwa ukanda wa ziwa ndio wenye maambukizi mengi zaidi ya malaria nchini Kenya. Chanjo ya kwanza ya malaria duniani, RTS,S, ilipoanza kutolewa kwa majaribio nchini, ilizinduliwa Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019, miezi michache baada ya Malawi na Ghana, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizohusishwa. Kabla ya hapo, kati ya 2012 na 2015, watafiti wa ICIPE na wenzao kutoka Uholanzi walitega mbu kisiwani Rusinga kwa mitego inayotumia nishati ya jua. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha maambukizi yamepungua kwa takriban asilimia 30 penye mitego. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani watu wa ziwa wameikuta sayansi juzi. Wameishi nayo. Wametolewa damu vidoleni, wametia sahihi fomu za idhini, wamepokea watafiti majumbani mwao na kuwapa viti. Wanachokosa ni maneno ya kuihoji.

Malaria ikizidi kwa mtoto mdogo, Watanzania walio ng'ambo ya mpaka wa Isebania husema kuwa "imepanda kichwani". Usemi huu una usahihi wa kushangaza. Chembe nyekundu za damu zilizovamiwa na vimelea vya *Plasmodium falciparum* hunata katika kuta za mishipa midogo sana ya ubongo. Vimelea vyenyewe haviingii katika nyama ya ubongo. Hubaki mishipani, lakini ukuta wa mshipa husisimka, kinga ya mwili hutoa kemikali zake za vita, na ubongo hufura ndani ya fuvu lisiloweza kutanuka. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwapiga watoto 168 wenye malaria ya ubongo picha za sumaku, wakachapisha matokeo yao mwaka 2015. Watoto 25 walifariki, na kati yao 21 walikuwa wameonekana na ubongo uliofura vibaya tangu walipolazwa. Wanaopona nao hawatoki wote salama. Utafiti uliofanyiwa Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miaka 2 baada ya ugonjwa, takriban mtoto 1 kati ya kila 4 alikuwa na upungufu katika uwezo wake wa kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi kandokando ya ziwa atakuwa amewahi kumfundisha mtoto wa namna hii, pengine bila kujua, na pengine akimwita mvivu.

Hapa ndipo seli shina zinapoingia. Ubongo una walinzi wake wa ndani, seli zinazoitwa mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizieleza mwaka 1919. Zikihisi hatari hubadilika umbo, zikamwaga kemikali za kuita msaada. Zikizidisha kumwaga, huumiza kile zilichowekwa kulinda. Maabarani mtafiti huziotesha seli hizi katika sahani, mara nyingi zikiwa za panya wala si za binadamu, kisha akazichokoza kwa kipande cha ganda la bakteria. Zikisha kuchachamaa, huongeza seli shina zilizotoka katika uboho wa mifupa au katika kitovu cha mtoto mchanga, au wakati mwingine maji tu ambamo seli shina zilikuwa zimeoteshwa. Majaribio ya namna hii yamefanywa katika nchi nyingi, na mara kwa mara matokeo yamekwenda upande mmoja: mikroglia zilitulia, na kemikali za mchochota zilipungua. Hilo ni jambo la maana. Linaonyesha kwamba seli shina si mbegu za kuzaa seli mpya tu, bali pia huzungumza na seli nyingine kwa vitu zinavyovitoa.

Sasa nimwombe msomaji aitazame sentensi yangu: kemikali za mchochota *zilipungua*. Nimetumia wakati uliopita, na nimetaja sahani. Hebu tuigeuze kidogo: "Seli shina hupunguza mchochota wa ubongo." Hakuna neno la uongo lililoongezwa. Kilichobadilika ni kiambishi. Badala ya -li- tumeweka hu- ya mazoea, ile ile tunayoitumia tunaposema kwamba jua huchomoza mashariki. Na mahali, yaani sahani, pameanguka njiani. Kwa herufi mbili tukio lililotokea katika chombo cha plastiki limekuwa kanuni ya maumbile. Tukisogea hatua nyingine, tukaliacha "hupunguza" na kuweka "hutibu", kisha "huponya", tumekwisha kufika sokoni. Walimu wetu wametufundisha hu- katika mihadhara ya sarufi kama alama ya mazoea, tukaijibia mtihani, tukaishia hapo. Sikumbuki kuulizwa hata mara moja kiambishi hicho kinaweza kumgharimu mtu kiasi gani.

Kinaweza kumgharimu mengi. Mwaka uliopita nilihudhuria mkutano katika mji mmoja wa Kaunti ya Migori, ambapo muuzaji aliyevaa koti jeupe alionyesha picha ya ubongo na chupa za vidonge. Karatasi aliyotugawia ilikuwa ya Kiswahili kizuri, kizuri kuliko cha vipeperushi vingi vya serikali, na kila kitenzi ndani yake kilianza na hu-. Mama mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu akainuka, akamwita daktari, akauliza kama mwanawe aliyepoteza usemi baada ya malaria ataweza kusema tena. Akajibiwa, "Mama, hii ni sayansi, imethibitishwa." Imethibitishwa na nani, wapi, kwa nani? Kauli ya kutendwa imemruhusu msemaji kumficha mtendaji, na mama akaketi, akaanza kuhesabu fedha. Bei ya chupa ilikaribia ya mbuzi. Mfamaji haachi kutapatapa, nami simlaumu. Seli shina zilizo hai huhifadhiwa katika baridi kali ya nitrojeni ya majimaji, nyuzi zaidi ya 150 chini ya sufuri. Haziwezi kukaa katika kidonge kikavu mkobani mwa mchuuzi. Lakini hoja hiyo inahitaji mtu aielewe kwanza "seli shina" ni kitu gani, na lugha aliyokuwa nayo mama yule ilikuwa haijampa njia ya kufika huko.

Tuyaangalie basi maneno yenyewe. "Seli shina" ni istilahi nzuri. Shina hubeba matawi, na msikilizaji wa kijijini hulielewa bila kufafanuliwa kwamba kutokana na kitu kimoja hutoka vingi. (Tanzania, ambako shina ni ngazi ya chini kabisa ya chama, wapo watakaotabasamu, maana huko shina lenyewe tayari ni kama seli.) Istilahi inayotusumbua ni ile ya mchochota. Magazeti yetu, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, husema "uvimbe wa ubongo", na kwa jina hilo moja hukusanya mambo matatu yasiyofanana: ubongo kufura kwa maji, kinga ya mwili kuchachamaa, na kitu kuota ndani ya kichwa ambacho huenda kikawa saratani. Mgonjwa aambiwaye ana uvimbe huenda nyumbani kuandika wasia. Neno "mchochota" lipo, limetumika kwa mchochota wa ini na wa kidole tumbo, na lina ndani yake ule uchungu wa kuchoma ambao mwili wenyewe hujiletea. Sioni sababu ya kuliacha livunde kamusini. Kuhusu seli zinazooteshwa katika sahani, nimekwisha kukutana na tafsiri zinazoziita "utamaduni wa seli", kana kwamba seli nazo zina ngoma na jando. Mfasiri aliona neno la Kiingereza, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta. Kiswahili kina "kuotesha", kitenzi ambacho mkulima wa Rongo hukitumia kila msimu: miche huoteshwa kitaluni kabla ya kuhamishiwa shambani, na kila mkulima anajua kwamba mche uliositawi kitaluni waweza kufa shambani. "Seli zilizooteshwa maabarani" inabeba onyo lake yenyewe.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba ninakuza jambo dogo, kwamba kilichopungua katika sahani hatimaye kitapungua katika mwili, na kwamba kuwanyima wagonjwa matumaini ni ukatili. Historia ya ugonjwa huu huu yatujibu. Kwa miaka mingi madaktari waliwaza kwamba, kwa vile malaria ya ubongo huleta ufuraji na mchochota, dawa kali ya kutuliza mchochota lazima isaidie. Waliwapa wagonjwa deksamethasoni. Mwaka 1982 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Thailand kwa wagonjwa 100 waliopoteza fahamu: waliopewa dawa hiyo walikaa katika hali ya kuzirai kwa muda mrefu zaidi, na walipatwa na matatizo mengi zaidi kuliko wasiopewa. Dawa ya mchochota ilidhuru. Vivyo hivyo, katika homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, jaribio lililohusisha Uganda na Malawi pamoja na nchi za Asia lilisitishwa kabla ya muda wake, na matokeo ya mwaka 2016 yakaonyesha kwamba dawa hiyo hiyo iliongeza madhara na ulemavu. Kinga ya mwili si adui tu. Wakati mwingine moto unaoteketeza nyumba ndio unaomfukuza chui.

Na seli shina zenyewe? Mwaka 2015 watafiti wa Brazil waliwapa panya wenye malaria ya ubongo seli shina za aina ile inayotuliza mikroglia katika sahani. Mapafu yao yalipata nafuu. Figo zao zilipata nafuu. Ubongo haukupata. Katika sahani hakuna mapafu, kwa hiyo sahani haiwezi kuonyesha kwamba seli zinazodungwa mshipani hunaswa kwa wingi mapafuni kabla hazijafika kwingine. Hakuna ini, wala kizuizi kinachotenga damu na ubongo. Sahani huuliza swali dogo na hujibu swali hilo hilo dogo, jambo ambalo ni sifa yake. Mtafiti aliyeandika ripoti hulijua hilo, na kwa kawaida amelisema katika aya zake za mwisho. Aya hizo ndizo za kwanza kupotea habari inapotafsiriwa.

Nisieleweke kwamba ninazidharau seli shina. Kama kuna jamii duniani yenye haki ya kuzifuatilia ni hii ya ziwa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akaona kwamba chembe za damu zenye umbo la mundu zilipatikana kwa wingi pwani na kandokando ya ziwa, lakini kwa uchache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaonyesha sababu: aliyerithi tabia hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za Homa Bay na Migori zinaujua kwa machozi. Naam, ugonjwa huu ndio ambao seli shina zimeufikia kweli. Mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ambayo seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, zikarekebishwa, kisha zikarudishwa mwilini baada ya uboho wa zamani kuteketezwa kwa dawa kali. Marekani ilifuata mwezi Desemba mwaka huo huo, bei yake huko ikitajwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Seli shina za aina ile ya kutuliza mchochota nazo zilipata idhini yao ya kwanza nchini Marekani Desemba 2024, kwa watoto ambao miili yao hushambuliwa na uboho waliopandikiziwa. Si kwa ugonjwa wa ubongo.

Tazama jinsi habari hizi zinavyosimama zinapoandikwa kikamilifu: zina mwaka, zina nchi, zina aina ya mgonjwa, zina bei. Mtu anaweza kuzikasirikia, hasa ile ya bei, na hasira hiyo ina msingi. Vivyo hivyo kwa artesuneti ya sindano. Jaribio lililowahusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, lilionyesha mwaka 2010 kwamba waliopewa dawa hiyo walikufa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Tofauti hiyo haivutii umati mkutanoni. Lakini ni watoto waliohesabiwa, hospitalini, mmoja mmoja, na dawa inapatikana katika hospitali zetu. Mama yule angeambiwa habari hii kabla mwanawe hajaugua, ingemfaa kuliko chupa zote za mezani pale.

Swali linalobaki ni nani amwambie, na kwa lugha gani. Wapo wanaoshikilia kwamba Dholuo inatosha Homa Bay, na kwa kiasi kikubwa ninakubaliana nao. Hakuna anayeelezwa ugonjwa wa mtoto wake vizuri kuliko kwa lugha ya mama. Lakini Migori si ya kabila moja. Kuna Waluo, Wakuria, Wasuba, Wagusii na Waluhya, na muuguzi aliyepangiwa kazi Kehancha huenda hajui hata salamu ya Kikuria. Lugha inayowaunganisha wodini ni Kiswahili. Katiba ya 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sawia na Kiingereza, na huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Fomu za idhini za utafiti hutafsiriwa, ndiyo, lakini tafsiri nyingi nilizopata kuzisoma zimefuata Kiingereza sentensi kwa sentensi hata msomaji akachoka kabla ya kufika mahali pa kutia sahihi. Nimeona "utafiti" na "matibabu" vikibadilishana nafasi katika ukurasa mmoja, ilhali tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo roho ya idhini yenyewe.

Uzoefu wa Tanzania unatuonya pia tusidhani kwamba neno la wenyeji ni kikwazo cha kufutwa. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 uligundua kwamba wazazi waliutazama ugonjwa wa degedege kama ugonjwa wa pekee, mbali na malaria, na hivyo haukuwa lazima upelekwe hospitalini. Kosa halikuwa la neno. Degedege ni jina sahihi la jambo lililoonekana: mtoto kukakamaa, macho kugeuka, mwili kutikisika. Kilichokosekana ni mtu wa kuliunganisha jina hilo na mbu. Wataalamu wa afya walikuwa na mbu bila degedege, na wazazi walikuwa na degedege bila mbu.

Chama chetu hufanya makongamano kila mwaka, na sehemu kubwa ya mawasilisho, yangu yakiwemo, hujadili dhamira na wahusika katika riwaya zile zile. Napendekeza kongamano lijalo litenge siku moja kwa istilahi za afya, na tuwaalike wauguzi na wahudumu wa afya wa kijamii kutoka Ndhiwa, Mbita, Nyatike na Kuria, si kuwahutubia bali kuwasikiliza wanavyosema tayari. Tuanze na orodha fupi: seli, seli shina, mchochota, ufuraji, uvimbe, kuotesha, jaribio, idhini, kutuliza, kutibu, kuponya. Kila neno lipatiwe sentensi katika Kiswahili, Dholuo na Kikuria, na sentensi hiyo isomwe mbele ya mzazi ambaye hajasomea udaktari, kisha aulizwe ameelewa nini. Akielewa kwamba seli zimemponya mtoto ilhali zilituliza sahani, basi sentensi irudishwe kwetu tuiandike upya.